Ziara ya kikundi kuona kanga na leso za kale ghalani, London: tuombe zipi na tujiandae vipi?

MwanaLeso

Habari za humu, na shikamooni mlio wakubwa.

Kikundi chetu cha watu wa pwani tunaoishi London na Leicester kinapanga kwenda kuona nguo za kale za Uswahilini zilizohifadhiwa katika ghala la makumbusho. Hatuzungumzii zile zilizo nyuma ya vioo vya maonyesho. Tunataka zilizomo kwenye maboksi, zitolewe na zitandazwe mezani tuzione kwa karibu. Tuko watu 16, wa umri wa miaka 19 hadi 78, na mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Wawili kati yetu wanasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Tumelenga British Museum, kwa kuwa orodha yao ya mtandaoni ina kanga nyingi za Kenya na Tanzania. Tumefikiria pia V&A East Storehouse, lile ghala la makumbusho ya Victoria and Albert lililofunguliwa Mei 2025 katika Queen Elizabeth Olympic Park.

Naomba msaada kwa haya: tuombe nguo ngapi, na zipi? Barua ya maombi iseme nini? Kuna kinachokatazwa ambacho sisi watu wa pwani hatutakifikiria? Tunaweza kuchukua leso zetu za nyumbani tukazilinganishe na zao? Na tukiona orodha yao imekosea kusoma jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, tufanye nini?

---

Mtande_na_Mshindio

Karibu dada. Anza na idadi ya watu, maana hiyo ndiyo inayoangusha maombi mengi ya vikundi. Kanga moja ina takriban sm 150 kwa sm 110. Ikitandazwa, watu 6 hadi 8 wanaweza kuizunguka na kuiona bila mtu kuegemea juu ya kitambaa. Watu 16 kwa meza moja maana yake nusu wanatazama migongo ya wenzao, na walio mbele wanasukumwa mezani. Mhifadhi anayejua kazi yake atakataa.

Gawaneni mafungu mawili ya watu 8, kila fungu lipate kama dakika 50. La kwanza likiwa ndani, la pili litembelee kumbi za maonyesho, kisha wabadilishane. Muhimu: ombeni nguo zibaki mezani na watu ndio wapishane. Kila nguo inapotolewa boksini na kurudishwa inapata msukosuko, kwa hiyo wahifadhi wanapenda mpango wa kutoa mara moja tu. Ukiuandika hivyo kwenye barua, wanajua wanazungumza na watu wanaoelewa.

Idadi ya nguo: 5, zikizidi sana 7. Najua inasikika ndogo. Lakini kwa kanga moja mtahitaji kuitandaza, kusoma jina, kutazama pindo pande nne, kuigeuza, kupiga picha na kuandika. Hizo ni dakika 8 hadi 10 mkiwa wepesi. Anayeomba nguo 20 huishia kuona 20 zikiwa zimekunjwa.

Barua yenye maneno "tungependa kuona kanga zenu" hurudishiwa swali, na hapo mmepoteza wiki tatu. Kila kitu kiombeni kwa nambari yake ya usajili. Kwa British Museum, nambari za vitu vya Afrika huanza na herufi Af, unafuata mwaka kitu kilipoingia, kisha koma, kisha fungu lake, nukta, na nambari ya kitu chenyewe. Nakilini kama ilivyo, koma na nukta zote, kwa sababu nukta moja ikihama mtaletewa ngao badala ya leso. Ombi lielekezwe kwa idara inayoshughulikia Afrika, Oceania na Amerika. Mtaje idadi ya watu, tarehe tatu mnazoweza, lengo kwa sentensi mbili, haja ya njia ya kiti cha magurudumu na viti kwa wazee, na kama mtapiga picha. Msiache kutaja kwamba kuna wasomaji wawili wa hati ya Kiarabu. Hilo lina uzito kuliko mnavyodhani.

Kabla ya kuchagua, tazameni safu ya vipimo kwenye orodha. Urefu ukiwa sm 150 hadi 165, hicho ni kipande kimoja. Ukifika sm 300 na zaidi, hiyo ni doti, yaani jozi ya vipande viwili, ambayo haijakatwa, na ni hazina. Ila inataka meza ya zaidi ya mita 3, au itandazwe nusu huku nusu nyingine ikibaki kwenye bomba. Waulizeni mapema meza yao ina urefu gani.

V&A wana utaratibu wa mtu kuagiza vitu hadi 5 akapangiwa muda, na unaagiza wiki mbili kabla. Ni mzuri, lakini kwa kanga ningeanzia British Museum. V&A nendeni siku nyingine kwa nguo za Gujarati, ambazo ni nusu ya historia ya uvaaji wa pwani.

Kwa kikundi, andikeni miezi miwili au mitatu kabla.

---

Kisutu_wa_Tanga

Naongezea upande wa kuchagua, maana watu wengi wanachagua kwa kupendeza kwa picha kisha wanatoka bila kujifunza kitu. Chagueni nguo zinazoelezana, kila moja ionyeshe hatua fulani.

Ya kwanza, merikani. Ni pamba tupu isiyopaushwa, nayo ndiyo iliyokuja Zanzibar kwa wingi kutoka Salem, Massachusetts, baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Biashara hiyo ikavurugika wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba ilipoadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Kama wana kipande, kiombeni hata kama kinaonekana si chochote. Ndicho msingi wa kila kinachofuata.

Ya pili, leso ya kuunga. Hapa mtaona jinsi wanawake wenyewe walivyolibuni vazi. Leso za mraba zilikuja zikiwa zimechapwa mfululizo kwenye jora. Mtu alinunua sita, akazikata vipande viwili vya leso tatu tatu, akaviunga kwa urefu, ikatoka nguo moja ya tatu kwa mbili. Mkipata moja, msikimbilie maua. Tazameni mshono wa katikati: je, mistari ya pindo za miraba imekutana sawasawa au imepishana? Uzi wa mshono ni wa rangi gani? Ni mshono wa mkono au wa cherehani? Mshono wa mkono haulingani urefu, na ukiugeuza mtaona jinsi ncha zilivyofungwa.

Ya tatu, kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, nguo ya harusi, ambayo mara nyingi haina jina. Hapa tazameni weusi. Rangi nyeusi za zamani zilizotengenezwa kwa chuma na tanini huozesha pamba taratibu, kwa hiyo unakuta mahali pekundu pazima kabisa na mahali peusi pamekatika matundu yanayofuata mchoro wenyewe. Mtu asiyejua atasema ni panya au nondo. Ni rangi inayokula kitambaa, na haiponi. Mhifadhi akisema hiyo haiwezi kugeuzwa, msimbishie.

Ya nne, kanga ya jina la herufi za Kiarabu. Ya tano, ya herufi za Kilatini iliyo na maandishi ya kiwanda ukingoni. Kanga huchapwa kwenye jora refu, kwa hiyo kingo mbili ndefu ni za kufumwa na hazifumuki. Zile fupi mbili ndizo zilizokatwa, nazo hupindwa na mnunuzi. Ukingo mrefu ndio wenye habari: nambari ya mchoro, jina la mwenye mchoro, nchi. Wenye leso Mombasa wanaijua chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya Kaderdina Hajee Essak. Ukingo ukiwa na "Made in Japan" umepata soko zima la baina ya vita viwili vikuu vya dunia na baada yake. Ukisema imetengenezwa Tanzania, haiwezi kuwa kabla ya mwishoni mwa 1964, kwa kuwa jina hilo lilianza kutumika rasmi Oktoba mwaka huo. Ya Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, kiwanda kilipofunguliwa Dar es Salaam. Hivi ndivyo mnavyoweza kurekebisha kumbukumbu inayosema tu "karne ya 20".

Na kingo fupi zitazameni pia. Zikiwa mbichi, hazijapindwa, nguo hiyo haijavaliwa, pengine ilinunuliwa dukani moja kwa moja kwa ajili ya makumbusho. Zikiwa zimepindwa na kitambaa kimelainika, mmoja wa bibi zetu aliivaa. Hizo ni nguo mbili tofauti hata kama mchoro ni mmoja.

---

MwanaLeso

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Hilo la doti kuitambua kwa vipimo sikulijua, na tayari nimeona mbili kwenye orodha.

Kuna mambo ya wenyewe ndani ya kikundi. Wiki hiyo kuna harusi, kwa hiyo baadhi watakuwa na hina mbichi. Wengi wetu tunavaa buibui na mitandio. Na Bi mkubwa wetu mmoja anauliza kama ataruhusiwa kuifunga kanga mwilini, japo kidogo, awaonyeshe wahifadhi ilivyovaliwa enzi za mama yake.

---

BokiLaKadi

Dada, tupange hayo kabla hamjafika mlangoni.

Hina. Iliyokauka na kubanduliwa siku kadhaa nyuma haina shida. Ya jana, ambayo rangi bado inakolea, inaacha alama kwenye kitambaa cheupe, hasa kiganja kikitoka jasho. Wenye hina hiyo wavae glavu za nitraili au wasiguse kabisa. Mafuta ya nazi, losheni na dawa za mikono ni vivyo hivyo, yote yanahamia kwenye pamba, yanashika vumbi, na miaka ikienda yanageuka doa la njano. Oshe­ni mikono kwa sabuni na mkaushe vizuri, bila kupaka kitu baada yake. Siku hiyo udi, marashi na asumini viachwe nyumbani. Asumini kwenye nywele ni ua bichi, na ua bichi ni mlango wa wadudu.

Buibui lenye mikono mipana linabeba uzi uliolegea bila mvaaji kujua. Vaeni la mikono ya kubana, au shikeni kifundo cha mkono kwa mpira. Mtandio ufungwe kwa nyuma na ncha zichomekwe ndani, bila pini wala bruchi kifuani. Bangili, pete zenye mawe, saa, mikufu mirefu na kadi za kuning'inia shingoni zivuliwe. Mikoba inabaki kwenye makabati. Ndani mnaingia na penseli, daftari na simu. Kalamu ya wino hairuhusiwi, hata kama imefungwa kifuniko. Kuna baridi pia, vyumba hivi hushikiliwa kwenye ubaridi, kwa hiyo wazee wavae sweta isiyo na manyoya yanayopukutika.

Kuifunga kanga ya makumbusho mwilini, hapana, na asijaribu kuomba pale pale akamweka mhifadhi mahali pagumu. Uzito wa nguo yenyewe ukining'inia unatosha kuchana pamba dhaifu kwenye mkunjo. Lakini wazo la Bi mkubwa ni zuri mno kuachwa. Chukueni doti mpya kutoka nyumbani, mwombe chumba kingine nje ya ghala, na mle ndani aonyeshe: kujifunga kifuani, kiunoni, ushungi, kubebea mtoto. Waambieni mapema ili waandae kamera. Makumbusho mengi yana kanga mamia na hayana hata dakika moja ya picha inayoonyesha jinsi ya kuivaa.

Leso zenu za nyumbani msiingize ghalani bila ruhusa ya maandishi. Siyo dharau. Nondo wa nguo hutaga, na viluwiluwi vyao hula sufu na hariri. Kanga ni pamba, haiwapendezi sana, lakini inaweza kuwabeba kutoka kabatini kwenu hadi kwenye boksi la joho la sufu. Tena kanga mpya ambayo haijafuliwa ina wanga, na wanga unawavuta wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula karatasi. Baadhi ya makumbusho yatakubali kama nguo itafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kugandishwa kwanza, nyuzi -30 kwa siku 3, au kama nyuzi -18 kwa wiki mbili. Kwa ziara ya dakika 50 ni usumbufu usiolipa. Pigeni picha za leso zenu zikiwa na rula pembeni, chapeni kwenye karatasi, mlinganishe na hizo.

---

Fundi_Jora

Napingana kidogo kuhusu glavu, kwa sababu nimeona watu wakidhani glavu ni usalama wa kila kitu. Zile nyeupe za pamba ni mbaya kwa nguo: zinanasa nyuzi zilizokatika, na kidole hakihisi kitu. Kwa kanga iliyo imara, mikono iliyooshwa na kukauka ni bora. Nitraili ziwekwe kwa kazi mbili. Moja ni nguo zenye zari, kwa maana chumvi ya jasho inafifisha nyuzi za fedha na dhahabu. Ya pili ni nguo zilizoingia zamani, zilizopuliziwa dawa za wadudu, kama aseniki au DDT. Ulizeni wazi: nguo hii iliwahi kutiwa dawa? Kama hawana hakika, vaeni glavu, msijiguse uso, na oshe­ni mikono mkitoka.

Lingine ambalo hakuna aliyeligusa: mpangilio wa kutazama. Mkiomba kaniki, ile nguo iliyotiwa nili, iwe ya mwisho. Nili haizami ndani ya uzi kama rangi nyingine, inakaa juu juu, na inatoka kwa msuguano hata baada ya miaka mia. Mkigusa kaniki kisha mkagusa merikani, mmeacha vidole vya buluu kwenye nguo nyeupe isiyofuliwa. Anzeni na nyeupe, mfuate za rangi, mmalizie na kaniki kwenye karatasi yake peke yake.

---

Mtande_na_Mshindio

Nakubaliana na Fundi kwa glavu, ila mwenye uamuzi ni nyumba yenyewe. Wakisema glavu, vaeni. Na sehemu nyingi wageni hawagusi kabisa, mhifadhi ndiye anayegeuza, kwa hiyo jueni la kumwomba.

Kugeuza ndiko kunakofunua mengi, na kuna namna yake. Kanga haishikwi pembe mbili ikainuliwa kama shuka. Karatasi laini isiyo na asidi inatandazwa juu yake yote, bomba pana la kadi linawekwa ukingoni, na nguo na karatasi vinavingirishwa pamoja. Kisha bomba linazungushwa ili ncha iliyo huru itokee juu ya mviringo badala ya chini, na nguo inatolewa polepole. Imegeuka bila kuning'inia hata kidogo. Watu wawili, dakika mbili. Kama kitambaa kimekwisha nguvu, wanakibana katikati ya mbao mbili nyepesi na kugeuza vyote pamoja.

Upande wa nyuma tazameni rangi ilivyopenya. Tazameni pia pale rangi mbili zinapokutana, kama kuna ukanda mwembamba mweupe katikati yake au moja imepanda juu ya nyingine. Hapo ni vyombo vya kuchapia havikukaa sawa. Kwenye nguo ya kuchapwa kwa mhuri wa mbao mtaona mwungo unaojirudia kila baada ya urefu wa mhuri, na haulingani kabisa kila mara. Kwenye ya kuchapwa kwa roli, yaani silinda ya mashine, kosa likitokea linajirudia pale pale kwa umbali ule ule. Pimeni kwa rula: umbali huo ndio mzunguko wa roli. Hilo la kupima mzunguko nalipenda kuliko yote, kwa sababu linakupa kipimo cha mashine iliyokuwa Helmond kule Uholanzi au Manchester bila kutoka mezani.

Mwombeni mhifadhi amulike tochi yake kutoka pembeni, sawa na usawa wa meza. Mikunjo ya zamani, viraka na pindo zilizofumuliwa vinajitokeza ambavyo havionekani kwa mwanga wa juu. Tochi zenu msitumie. Nguo zenye rangi huwekwa kwenye mwanga wa takriban luksi 50, na taa ya simu iliyosogezwa karibu inazidi hapo mara nyingi. Flashi izimwe kabla ya kuingia.

Picha: ya kwanza kwa kila nguo iwe na kikadi cha nambari ya usajili na rula. Halafu nguo nzima, pembe moja ya pindo, jina lote kwa vipande vinavyopishana, ukingo wenye maandishi ya kiwanda, mshono kama upo, na nyuma. Msipoanza na kikadi, jioni mtakuwa na picha 300 za pindo nyekundu na hamjui ipi ni ipi. Na ruhusa ya kupiga picha za kujisomea si ruhusa ya kuziweka mtandaoni, hiyo iulizeni peke yake.

---

HatiYaBaba

Nimesoma nikifurahi. Nizungumzie jina la herufi za Kiarabu, na orodha.

Kwenye orodha nyingi za Ulaya mtakuta kanga ya jina la Kiswahili imeandikwa "maandishi ya Kiarabu", basi. Aliyeandika alimwita msomaji wa Kiarabu, msomaji akaona maneno hayana maana, wakaishia hapo. Wasomaji wenu wawili ndio wa kulitatua, lakini wajiandae kwa tahajia ya zamani. Haina e wala o, kuna fataha, kasra na dhuma tu (a, i na u), na mara nyingi hata hizo hazikutiwa. P huandikwa kwa b, ch kwa sh, v kwa f, g kwa ghaini. Na n au m iliyo mbele ya konsonanti huachwa: mb inakuwa b, nd inakuwa d. Kwa hiyo "kupenda" linaweza kuonekana k, b, d, na mtu akalisoma "kubida". "Wagombanao" linageuka "waghubanau". Msome kwa sauti, mmoja asome herufi kama zilivyo, wengine wasikilize. Kina mama waliozoea majina ya leso watalitambua neno kabla msomaji hajamaliza, kwa kuwa methali wanaijua. Hii ndiyo sababu msiwatenge wasomaji kwenye fungu moja. Mmoja awe kila fungu.

Nukta zikiwa pungufu au zimehama, msishangae. Mchoro ulichongwa kiwandani na mtu aliyenakili umbo bila kujua lugha. Andikeni mlichokiona kwanza, herufi kwa herufi, kisha usomaji wenu, kisha maana. Vitu vitatu kwa mistari mitatu. Mkichanganya usomaji na mlichokiona, atakayekuja baada yenu hawezi kuwapinga wala kuwathibitisha.

Makosa mengine ya kawaida kwenye orodha: picha imepigwa kichwa chini (jina linakaa juu ya pindo la chini, likisomeka bila kupinduka ndio nguo imekaa sawa), kipande kimoja cha doti kuandikwa kama nguo kamili, kisutu kuitwa kitambaa cha mezani, na maana ya jina kutafsiriwa neno kwa neno hata fumbo likapotea. "Japo sipati tamaa sikati" haiwi na uzito ule ule ikivaliwa mbele ya mke mwenza na ikivaliwa na msichana anayesubiri posa, na hilo ni la kuandikwa kwenye kumbukumbu.

Marekebisho yapelekeni kwa maandishi ndani ya wiki mbili, mkiwa bado mnakumbuka. Ukurasa mmoja kwa kila nguo: nambari ya usajili, kilichoandikwa sasa, kinachopaswa kuandikwa, ushahidi (picha ya ukingo au ya jina), na nani aliyesema. Jina la Bi mkubwa aliyetambua kanga liwekwe kama yeye atakubali. Maneno ya wenye nguo yakiingia humo bila majina yao, baada ya miaka kumi yataonekana ni ya mhifadhi.

---

MwanaLeso

Sina la kuwalipa. Baada ya kusoma yote tumekubaliana hivi kwa rasimu: merikani, leso ya kuunga, kisutu, kanga ya hati ya Kiarabu, kanga ya Kilatini yenye ukingo wa kiwanda, doti isiyokatwa, kaniki. Nguo 7 kwa mpangilio huo, mafungu mawili ya watu 8, dakika 50 kila moja. Na chumba cha pembeni kwa Bi mkubwa. Kuna mnachoona hakijakaa?

---

Mtande_na_Mshindio

Nguo 7 kwa dakika 50 ni dakika 7 kila moja, na hapo hamjahesabu kuingia na kuvua bangili. Ombeni 75, au punguzeni mbili. Ningeunganisha: tafuteni doti isiyokatwa ambayo pia ina maandishi ya kiwanda ukingoni, zile mbili ziwe moja. Kaniki itandazwe tangu mwanzo kwenye meza yake ndogo, itazamwe bila kuguswa.

Wekeni pia nguo mbili za akiba, na mwandike kuwa ni za akiba. Ya kwanza ikikutwa imeazimwa, au iko kwenye friza ya wadudu, wasilazimike kuwaandikia upya.

---

Kisutu_wa_Tanga

Akiba ya kisutu iwe kisutu kingine. Kile chenye weusi uliooza ndicho kinachokataliwa kutolewa mara nyingi zaidi, na wakiona mmeshataja mbadala watawapa kilicho imara. Muulizeni mhifadhi pia kama kuna vipande vilivyodondoka, huwa wanavitia kwenye bahasha ndani ya boksi lile lile. Kipande kidogo cha weusi chini ya lenzi kinaonyesha uzi ulivyokatika vipande vipande huku mwekundu wa jirani ukiwa mzima.